Barua kwa mwanangu: ukitoka zamu unarudi kwa nani?

Bukoba, tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Kaka yako wa Mwanza ndiye aliyeniambia, tena kwa kuropoka, maana alidhani nimeshajua. Kwamba uliwaambia watu mtoto wao amefariki, shangazi wa marehemu akakurukia na kukuzaba makofi mbele ya wodi nzima, miwani ikaanguka ikakanyagwa. Nilikwambia ununue yenye fremu ya chuma, ukanunua ya plastiki. Haya, siandiki kwa ajili ya miwani.

Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikikuuliza unasema, "Niko salama baba, ni kazi tu." Sauti hiyo naifahamu. Niliitumia kwa mama yako miaka karibu ishirini. Barua anakuletea jirani yetu anayekuja Dar kumwona mjukuu wake, pamoja na kile kimfuko cha kahawa ya kutafuna. Hajui kilichoandikwa humu, usimhoji.

Nina swali moja, na naomba ulijibu kabla ya mengine yote. Ukitoka zamu, unarudi kwa nani? Siulizii mambo ya mchumba, hayo ni ya mama yako na anayaulizia vya kutosha. Nauliza: ukishasema yale ya kusema, ukavua sare, ukapanda daladala mpaka Kimara, ukafungua kile chumba chako, kuna mtu humo? Kuna mtu anayekuuliza umekula?

Kaka yako anasema hukukimbia. Anasema uliokota miwani, ukamvutia kiti yule yule aliyekupiga, ukamkalisha. Niliposikia hivyo nilitoka nikaenda kusimama migombani peke yangu kwa muda. Halafu nikakasirika. Daktari alikuwa wapi? Yeye ndiye aliyepima, yeye ndiye aliyeandika cheti, kwa nini mdomo uwe wako? Nimefanya kazi ya utarishi wa posta, najua jinsi habari inavyoteremka ngazi mpaka imfikie yule asiyekuwa na wa kumtuma.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni kweli, mimi sikuuawa. Lakini walioisema methali hiyo nadhani walikuwa wanaotuma wajumbe, siyo wajumbe wenyewe. Hakuna aliyeahidi kwamba mjumbe hatachukiwa, wala kwamba ataendelea kukaribishwa ndizi kwenye nyumba aliyowahi kuingia na bahasha.

Nilianza kazi 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na posta yetu ikawa ya Tanzania peke yake. Mwaka uliofuata Amin akavuka mpaka, na akina mama wenye vijana vitani wakawa wakisikia kengele ya baiskeli yangu wanashika milango. Wakati mwingine nilikuwa na barua ya kawaida tu, au sina kitu kabisa, nakwenda kununua sukari. Ndipo nilipoanza kupiga mluzi. Nikiwa sina ubaya, napiga mluzi tangu kule chini barabarani, watu wapumue. Nilijiona nina akili sana. Baada ya mwezi mmoja wakawa wameelewa na upande wa pili: nisipopiga mluzi, nyumba tano zilikuwa zinalia kabla sijajulikana nakwenda ipi. Uliwahi kuniuliza utotoni kwa nini baba za wenzako wanapiga mluzi wakioga na mimi sipigi. Sikukujibu.

Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo hakuna aliyelipa la kukufariji. BABA MGONJWA SANA NJOO HARAKA. Maneno matano, na kila mtu alijua mgonjwa huyo ameshafunikwa shuka. Waliosoma walisoma, wasiosoma walinipa mimi niwasomee, na hapo ndipo nilipotoka kuwa tarishi nikawa mwenye kusema. Uliponieleza zile hatua sita mlizofundishwa chuoni, kumkalisha mtu, kumuuliza anajua nini, kumuuliza anataka kujua kiasi gani, nilicheka na wewe ukanuna. Nilicheka kwa sababu karibu zote niliziokota barabarani bila mwalimu. Shuka kwenye baiskeli mbali. Vua kofia. Tafuta mtu mzima wa nyumba, usimwambie mtoto. Subiri akae. Lakini katika hizo sita zenu sikusikia hata moja inayomhusu aliyesema. Akishasema aende wapi? Ndiyo maana nakuuliza.

Ya 1996 hujawahi kuyasikia kwangu, wewe ulikuwa hujazaliwa. Meli ya Mv Bukoba iliondoka hapa jioni ya tarehe 20 Mei, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hilo ndilo la kulishika, orodha haikuwepo. Watu walinifuata mimi, nyumbani na kazini, kwa mazoea tu, kwamba uso wangu siku zote ndio uliotangulia kujua. Na mimi nilikuwa najua kile kile walichokisikia redioni. Mama mmoja wa bondeni alinishika shati akasema, "Wewe niambie tu. Nitakuamini wewe." Mumewe alisafiri daraja la tatu. Ningesema hayupo, ningekuwa muongo. Ningesema yupo, muongo vile vile. Nikamwambia asubiri. Akasubiri mpaka senene wakaja, ndipo akakubali kuweka matanga bila mwili. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza. Huenda mumewe ni mmojawapo. Miaka yote iliyofuata tukikutana sokoni alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

Kwa hiyo usimwambie mtu asubiri kama unajua. Na kama hujui, sema hujui. Neno ni "amefariki". Usiseme "hali imebadilika", usiseme "tumejitahidi". Watu wakiwa na hofu wanashika neno dogo lolote wanalining'inia.

Siku hizi mna jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, sijui kama ni nafuu. Ile ndege ilipotumbukia ziwani hapa Novemba 2022, picha zilizunguka kwenye simu abiria wengine wakiwa bado ndani. Kuna watu walimwona ndugu yao kwenye simu ya mtu baki. Niliwahi kuombea kazi yetu ife. Imekufa, na sioni kama nilichokiomba ndicho hiki.

Unarudi kwa nani? Mimi nilirudi kwenu, nyumba ilikuwa imejaa watu, lakini nilirudi kama mtu aliyekuja kupanga chumba. Nilikuwa nazunguka kwa njia ya mbali, napita kilabuni kwa wazee wa rubisi ambao hawakuuliza kitu, nafika mmeshalala. Nilikuwa nasema nawaepusha. Mama yako aliponiambia kwamba wewe unakuja, nilivua kofia. Mkono ulikwenda wenyewe. Alilia mpaka jioni, na nadhani mpaka leo hajanisamehe vizuri, ingawa ukimuuliza atakwambia ni mambo ya zamani.

Usichelewe kusema, hilo nalo nilitaka kuliweka mapema. Palikuwa na tarishi mmoja, ilikuwa 1984, alipewa telegramu siku ya Ijumaa ya kwenda kwa mzee mmoja wa upande wa Kashozi. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa amefia Tabora. Sasa kesho yake, Jumamosi, mzee yule alikuwa anaozesha binti yake wa kwanza. Tarishi alifika mpaka kwenye uzio akaona wanawake wanamenya ndizi, vijana wanajenga kibanda, mzee mwenyewe amevaa kanzu mpya anaijaribu. Akageuza baiskeli. Akajiambia huo ni wema, harusi ikipita atarudi. Jumapili ikapita, na Jumatatu akapeleka. Mzee hakulia. Alisoma, halafu akakinga karatasi kwenye mwanga akatafuta muhuri wa tarehe. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikamtajia. Akakunja karatasi akaiweka mfukoni, akaniambia asante. Kaka yake alishazikwa Jumapili. Alipoingia kaburini yeye mwenyewe, mwaka wa 2003, sikwenda kuzika, nilisema nina malaria.

Basi.

Jambo la pili ni kula. Ule kabla ya zamu, kitu cha maana, siyo chai na andazi. Mtu mwenye njaa anasema habari mbaya kwa haraka ili aondoke. Na hao wenzako wa zamu, yule dada wa Songea uliyesema anacheka sana, mwombe muwe mnatoka pamoja hata mpaka kituoni tu. Msiongelee wagonjwa. Mwongelee vitenge, mishahara, wanaume, chochote. Na kama hapo kazini kuna mtu aliyewekwa kwa ajili ya ushauri nasaha, nenda, usione aibu kwamba wewe ndiye unayeshauri wengine. Mimi ningepewa mtu wa namna hiyo ningemkatalia, kwa hiyo usinifuate mimi.

Sijasema uache kazi. Mama yako ndiye anasema uache, na amenituma niandike hivyo, nimeandika. Mimi naona ukiacha wewe, atawekwa mwingine asiyevuta kiti.

Nyumbani tupo. Ule ufa wa tetemeko la 2016 kwenye ukuta wa sebule nilidhani umetulia, lakini mvua za masika zimeufungua tena, sasa mkono wa mtoto unaingia. Fundi anataka mifuko minne ya saruji, nadhani miwili ni ya kwake. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa kisima. Tumeng'oa mashina kumi na moja na kuyafukia, na panga tunalipitisha kwenye moto kila baada ya shina kama bwana shamba alivyotuelekeza. Jirani wa juu haling'oi lake hata moja, tumeshagombana. Kahawa mwaka huu imebeba vizuri, tunasubiri chama cha msingi kitutangazie mnada.

Mama yako anaumwa mgongo. Anaumwa kweli, siyo ule ugonjwa wa telegramu, kwa hiyo usipande basi usiku. Amepewa dawa ya kuchua na ameambiwa asiiname, na jana nimemkuta ameinama kwenye maharage. Mpigie umwambie, mimi hanisikii.

Hela uliyotuma mwezi uliopita ilifika. Usitume tena mpaka ununue miwani, na safari hii ya chuma. Nitakuuliza bei, na nitaiulizia kwa kaka yako pia.

Tena ni hivi. Yule ng'ombe uliyemnunua kwa mshahara wako wa kwanza, alikufa tarehe 2 mwezi huu. Alivimba tumbo usiku, mganga wa mifugo alifika asubuhi tumeshachelewa. Ndama mzima, ananyweshwa kwa chupa. Simu mbili ulinipigia ukaniuliza ng'ombe anaendeleaje, nikakwambia anakula vizuri. Tarehe ya barua nimeiandika hapo juu kama ilivyo, hesabu mwenyewe.

Mama yako usimuulize habari hiyo. Yeye anadhani nilikwambia siku ile ile.

Baba yako