Kambale mchanga si mgumu kama tunavyodhani

Mhariri,

Kila kipupwe kikiingia, wafugaji wa samaki hapa Dodoma hulalamika kuwa vifaranga walionunua kwa pesa nyingi wanakufa ndani ya wiki ya kwanza. Lawama hupelekwa kwenye chakula. Chakula kina sehemu yake, lakini kwa kambale mchanga maji ndiyo yanayoua kwanza, na huanza kumdhuru angali ndani ya yai.

Watu husema kambale hafi hata kwenye tope. Hilo ni kweli kwa mkubwa, kwa sababu ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Kifaranga hana. Kiungo hicho huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili tatu hivi, na kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyomo majini tu, sawa na perege. Kwa hiyo maji ya kisima, ambayo mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, yasiingizwe moja kwa moja kwenye tangi. Yadondoshwe kutoka juu kupitia bomba lililotobolewa, au yapigwe pampu ya hewa. Yale ya bomba yenye klorini yakae kwenye chombo cha wazi siku moja hadi mbili, pampu ikiendelea. Tukumbuke pia kuwa mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo kwa joto lile lile maji yetu hushika oksijeni pungufu kuliko ya Dar es Salaam.

Baya zaidi ni baridi. Kwenye nyuzi 28 mayai ya kambale huanguliwa kwa takriban siku moja. Kwenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya siku mbili, na muda huo wa ziada ukungu hauupotezi. Yai zima lina rangi ya kijani-kahawia na unaona ndani. Lililokufa ni jeupe, huota nyuzinyuzi kama pamba, na ukungu huo huhamia kwa mayai mazima yaliyo jirani. Tangi la saruji lenye kina cha sentimita 40 likikaa nje mwezi Julai, maji huwa ya moto mchana na ya baridi kali alfajiri. Mayai yaliyopita humo, hata yakianguliwa, yanaweza kutoa vifaranga wenye mgongo uliopinda, wasioweza kukimbilia chakula. Utotoleshaji ufanyike ndani. Chumba chenye kuta nene za udongo, mfano wa tembe la Wagogo, hutunza joto kuliko banda la mabati. Na kipimajoto kisomwe alfajiri, siyo saa sita mchana.

Kwa siku kama tatu baada ya kuanguliwa, kifaranga hula kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Utamwona ana tumbo la njano, amejazana na wenzake chini kwenye pembe yenye giza. Asipewe chochote! Chakula kikioza hutoa amonia, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikipanda mchana kwenye maji ya kijani, amonia hiyo hugeuka sumu kali inayounguza matamvua. Maganda na mayai yaliyokufa yanyonywe kwa mpira mwembamba asubuhi na jioni.

Wauzaji nao tunawaomba waandike kwenye kila mfuko umri wa vifaranga, joto la maji walimokuzwa na saa mfuko ulipofungwa. Theluthi moja iwe maji, mbili oksijeni. Mnunuzi auache mfuko uelee bwawani dakika 20 hadi 30, kisha aongeze maji ya bwawa kidogo kidogo. Tofauti ya joto kati ya mfuko na bwawa ikizidi nyuzi tatu, asiharakishe. Na bwawa likisoma nyuzi 20 alfajiri, aahirishe kununua hadi Septemba.

Mtaalamu wa ufugaji samaki,
Dodoma