Jumapili sitavuta shuka

Mwanangu,

Nimeona nikuandikie, maana tukianza kuzungumza mimi napandisha sauti, wewe unanyamaza, na baba yako anaongeza sauti ya redio.

Jumapili iliyopita nilikuvuta shuka saa kumi na mbili asubuhi ili tuwahi ibada ya kwanza. Ukasimama getini na kandambili, ukanitajia Ibara ya 19 ya Katiba mliyosoma kwenye Uraia: kila mtu ana uhuru wa imani, na hata wa kuibadili. Nikakujibu kwamba Katiba hailipi ada. Zile zilikuwa hasira tu, nisamehe.

Na mimi nimekwenda kusoma. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unazungumzia jambo letu kwenye kifungu cha 14. Mtoto ana uhuru wa dhamiri na dini. Papo hapo mzazi ana haki na wajibu wa kumwongoza, kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Hayo maneno ya mwisho yamenikosesha usingizi, kwa sababu nakuongoza vilevile kama ulipokuwa na miaka sita, na sasa una kumi na mitano. Shangazi yako wa Hamburg ananiambia kule Ujerumani walishachora mstari tangu sheria ya 1921: mtoto akitimiza miaka 14, dini anachagua mwenyewe. Mimi na wewe mstari tunautafutia getini, mmoja na kandambili, mwingine na kitenge.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki kipaimara. Ulipobatizwa ulikuwa na miezi minne. Mchungaji aliuliza, tukajibu sisi na wasimamizi wako, wewe ulikuwa umelala. Kipaimara ni ili safari hii ujibu kwa mdomo wako. Kanisa lenyewe, basi, limekuwekea siku ya kuulizwa, na mimi nimeshakujibia kabla haijafika: kitambaa nimenunua, mpiga picha nimempa kianzio, mama mkubwa wa Moshi ameahidi mbuzi. Ungepata wapi nafasi ya kusema hapana mbele ya mbuzi?

Nikusimulie jambo ambalo hata bibi yako hakulijua. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa, na fimbo yake ilikaa nyuma ya mlango. Sikukosa ibada hata moja. Nilichojifunza ni kuhesabu mbao za dari, arobaini na mbili upande wa wanaume. Nilipofika chuoni Morogoro nilikaa miaka miwili bila kukanyaga kanisani, na kila barua ya nyumbani niliandika kuwa mahubiri yalikuwa mazuri sana. Niliporudi, hayakunirudisha mahubiri. Kwaya ilikuwa na upungufu wa sauti ya pili, mwenzangu wa bwenini akaniomba nikasaidie. Nipo hadi leo. Pengine fimbo ya babu ilinichelewesha. Dada zangu wanasema ndiyo iliyonirudisha. Hatujawahi kukubaliana.

Kwa hiyo darasa la kipaimara malizia, sitaki ukatae kitu usichokijua. Siku ya kwenda mbele ya madhabahu utakwenda ukitaka. Usipotaka, mchungaji nitamweleza mimi, na mama mkubwa pia, ambaye ndiye mgumu. Jumapili nitagonga mlango mara moja, basi. Misiba, harusi za ndugu na sala ya chakula sijaviachia. Huko tunakwenda wote kama nyumba moja. Na usiniage unakwenda kanisani kisha ukaishia uwanjani. Hilo nalijua, nimekwambia niliandika barua ngapi.

Nikiona nafasi yako kwenye benchi iko tupu nitaumia, sikufichi. Sikuambii ili unihurumie. Ningekuficha ungeliona tu usoni.

Jambo la mwisho. Atakayebaki nyumbani ndiye mpishi. Baada ya ibada kuna mnada, na nikianza kugombea mkungu wa ndizi na mama wa jirani huwa nachelewa. Maharage yako kwenye ndoo ya bluu. Yaloweke Jumamosi usiku, usisubiri asubuhi.

Mama yako