Kwa wajukuu zangu mnaoandika habari za mkware aliyejirudi

Wajukuu zangu wapendwa,

Miswada mitano mliyoniletea nimeimaliza jana usiku. Yote inatupeleka Uingereza ya 1811 hadi 1820, enzi inayoitwa Regency, Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Magari ya farasi mmeyapamba vizuri, na kumbi za dansi nimeziona kwa macho. Lakini mkware wenu sijamwamini, na kwa ninavyowapenda siwezi kunyamaza.

Kila mswada una bwana mwenye cheo, mcheza kamari, aliyewaliza wanawake wa London. Mnasema zamani alipenda akaumizwa, ndipo akaharibika. Kisha anamwona mjane kwenye dansi, wanabusiana bustanini, na kufika sura ya kumi ameshatakasika. Ametakaswa na nini? Jeraha la penzi la kwanza linaeleza ukware wake, deni lake liko palepale. Na wale aliowaacha wako wapi? Hakuna hata mmoja anayebisha hodi na mtoto mgongoni.

Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliishi zama zilezile na hakujidanganya. Katika riwaya yake Mansfield Park ya 1814, Henry Crawford, naye mkware, anampenda Fanny Price, hata anamtafutia kaka yake cheo katika jeshi la majini. Msomaji anaanza kulegea. Kisha Henry anakutana tena na mwanamke ambaye yeye Henry aliwahi kumchezea moyo, sasa ni mke wa mtu, na wanatoroka pamoja. Penzi alikuwa nalo, ila mazoea yalimshinda.

Sasa mjane. Hapa mmepita mbio, nami naona hapa ndipo penye kiini cha hadithi yenu. Kwa sheria ya Uingereza ya siku hizo, mwanamke akiolewa, fedha zake na vyombo vyake vilikuwa vya mume. Hayo yalianza kubadilika kwa sheria za 1870 na 1882. Mjane alikuwa huru: alimiliki mali, alisaini mkataba, alishtaki kwa jina lake mwenyewe. Kuolewa tena kulikuwa kuuweka uhuru huo mikononi mwa mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni mcheza kamari! Akijuta, talaka ya kumwezesha kuolewa tena ilihitaji Bunge litunge sheria kwa ajili ya ndoa hiyo. Hebu fikirini mama huyo anavyogeuka kitandani usiku kucha.

Njia ilikuwepo. Kabla ya ndoa, wanasheria waliweza kuandika hati ya kuiweka mali ya mke kwa wadhamini, yaani watu wa kuitunza, kwa faida yake, mume asiiguse. Hapo ndipo nataka kumwona mkware wenu. Asiombwe na mtu. Aende mwenyewe, wadai wake wangali wanamfuata, aseme iandikwe hivyo.

Mimi nami niliolewa tena, nikiwa mjane wa watoto watatu. Yule bwana alikuwa na sifa zake mjini, na maneno matamu hakuyakosa. Sikuyajali. Lakini alikaa na kaka zangu akasema shamba aliloacha marehemu ni la watoto, liandikwe kwa majina yao kwanza, ndoa ifuate. Usiku ule nililala.

Basi iandikeni sura hiyo ya kwa mwanasheria, na iwe kabla ya busu lolote. Nileteeni Jumamosi baada ya alasiri. Nitakuwa barazani.

Bibi yenu