Barua kwa wanangu mnaosubiri mkeka

Wanangu mnaofundisha utawala wa umma na sayansi ya siasa katika vyuo vya hapa Dar es Salaam, na hasa ninyi mliopewa uamidi au ukuu wa idara nywele zenu zikiwa bado nyeusi,

Salaam. Nimeshastaafu, na sikutumwa na mtu. Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao cha walimu wa chuo kimoja. Wakati wa mapumziko simu moja ikalia, mtu akasema, "Mkeka umetoka." Chumba kizima kikainamia simu. Kila mmoja alikuwa anashusha kidole taratibu kwenye orodha ya walioteuliwa, chai inapoa mezani. Nilimtazama amidi, kijana niliyemfundisha mwenyewe, alipofika jina la mwisho. Uso ule naujua. Niliishi nao miaka minne.

Sisemi uteuzi ni jambo baya. Serikali inahitaji makatibu wakuu na wakurugenzi wa halmashauri walioisoma kazi yenyewe, na aliyeitwa aende kwa moyo mweupe. Ninachowaombeni ni kwamba uamidi msiufanye benchi la kungojea. Anayengojea mwili uko ofisini, masikio yako Ikulu, zamani Magogoni, na siku hizi Chamwino.

Mimi niliposhika uamidi, kitu cha kwanza kukiacha kilikuwa darasa la mwaka wa kwanza. Vikao vya Seneti vilikuwa vingi, bajeti, ithibati, na warsha za hotelini ambako mtu huenda aonekane. Kozi nikampa mhadhiri msaidizi.

Kozi ile kila mwaka nilikuwa naifungua na jambo moja: mwaka 1972. Mwaka huo serikali ilianzisha Madaraka Mikoani, ikifuata mpango ulioshauriwa na kampuni ya Marekani, McKinsey. Halmashauri zikavunjwa, kazi zake wakapewa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Kilichosogea ni maofisa, na waliobaki bila sauti ni wananchi, kwa sababu diwani wa kumlalamikia hakuwapo tena. Mijini mambo yakaharibika mbele ya macho ya watu: taka hazizolewi, mitaro imeziba, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 ilibidi halmashauri za miji zirudishwe, na za wilaya zikafuata baada ya sheria za mwaka 1982. Na ni katika mwaka uleule wa 1972 ambapo shule ya Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa, iliunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo. Nilipenda kuwaacha wanafunzi na hilo kichwani: shule iliyozaliwa kwa ajili ya serikali za mitaa ikavishwa jina jipya katika mwaka ambao serikali zenyewe za mitaa zilikuwa zinafutwa.

Kijana wa miaka ishirini akikielewa kisa hicho, hatakaa aamini kwamba muundo kwenye karatasi ndio huduma. Lakini kisa hicho kinataka mtu mzima aliyewahi kukanyaga maji machafu ya Dar es Salaam. Mhadhiri msaidizi wangu alikifundisha kama alivyokikuta kwenye slaidi: faida tano, hasara tano. Simlaumu. Niliyeondoka ni mimi.

Kosa kubwa zaidi ni hili. Kulikuwa na binti wa mwaka wa tatu aliyefanya fildi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, huku uswahilini. Ripoti yake nilipaswa kuisoma mimi na kuweka alama. Miezi mitatu ilikaa mezani kwangu chini ya barua za mialiko. Orodha ya mahafali ikatoka, jina lake halimo. Mama yake alikuwa ameshapanda basi kutoka Tunduru, ana kitenge kipya ndani ya mfuko wa plastiki. Walikuja wote wawili ofisini kwangu. Mama hakusema neno. Alikuwa anaukunja na kuukunjua ule mfuko.

Usiku huo ndipo nikaisoma. Binti aliandika habari za mzee mmoja aliyefuata barua ya utambulisho siku tatu mfululizo, afungue akaunti ya kupokelea mafao yake. Daftari lilikuwepo, wino ulikuwepo, karani alikuwepo. Muhuri ulikuwa kwenye mfuko wa koti la mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa msibani. Binti hakutukana mtu. Alichora zamu ya watu wawili wa kutunza muhuri, akaeleza nani asaini wapi anapoupokea, akaambatanisha ukurasa wenye muhuri huo kama ushahidi. Kwa miaka mingi sikuwa nimesoma kazi ya utawala wa umma iliyo safi namna ile, nami niliilalia huku nikienda kusikiliza hotuba za ufunguzi.

Kuna na simu. Kila amidi wa fani yetu ataipokea siku moja: sauti ya upole kutoka ofisi fulani, "Huyo kijana wako ameandika nini kuhusu sisi?" Asiyengojea kitu atajibu kwa adabu kwamba takwimu zao waje nazo, wakae na huyo kijana, chai iko tayari. Mimi nilimwita kijana nikamwambia apunguze makali. Akaondoa jedwali zima. Baada ya hapo hakuniletea tena andiko lolote, na alikuwa na haki.

Basi darasa la mwaka wa kwanza fundisheni wenyewe, hata kama ni mihadhara minne tu kwa muhula. Wanafunzi wakiwa fildi, panda daladala uende ukakae nao kwenye benchi la wananchi asubuhi nzima, usitume mtu. Ripoti zisomwe kabla ya mialiko. Uteuzi ukija utakukuta kazini.

Yule binti alipata shahada yake mwaka uliofuata. Nakala ya ripoti ninayo hapa Kimara, ina kurasa 34. Amidi yeyote atakayeingia darasa la mwaka wa kwanza muhula huu aje aichukue akairudufu awasomee. Ule ukurasa wa mwisho wino umefifia kidogo, lakini muhuri bado unasomeka.

Mzee wenu,
Kimara, Dar es Salaam