Tarehe 5 tumkumbuke Bibi Titi

Kina mama, habari za jioni. Tarehe 5 Novemba ndiyo siku aliyofariki Bibi Titi Mohamed, mwaka 2000. Kwa hiyo kikao cha wiki hiyo, tukishamaliza marejesho (jamani, tusikimbilie daladala) tubaki kidogo tumzungumzie.

Wengi tunamjua kwa barabara yenye jina lake tu. Huyu alizaliwa 1926 hapahapa Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji wa ngoma, na 1955 alipokabidhiwa kuongoza akina mama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, hakuanzia ofisini. Alizunguka kwenye vikundi vya ngoma, kwa wauza vitumbua na wapika pombe, akaandikisha wanachama kwa maelfu. Vikundi kama hiki chetu! Na tusiiruke ile miaka migumu: kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, akaachiwa 1972.

Mwenye bibi au shangazi aliyewahi kumsikia akihutubia, tafadhali aje naye. Nauli ya bajaji itatoka mfuko wa jamii. Picha za zamani tumeni humu humu, msinitumie mimi pembeni. Chai ipo, vitumbua mweka hazina ameshajitolea.