Tyubu ya leza haifi bure: tazama maji na hewa kabla ya kununua nyingine

KWAKO Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Lamu wanaotumia zile mashine ndogo za leza za wati 40, zinazochonga majina kwenye vibao na kukata mapambo ya plaiwudi. Kuna jambo linalowatia hasara bure. Tyubu, ule mrija wa kioo wenye gesi unaotoa mwanga wa leza na kupozwa kwa maji ya ndoo yanayozungushwa na pampu, ikichoka, mtu huagiza mpya, huifunga, na miezi michache baadaye yuko pale pale. Lawama humwangukia aliyeuza. Pengine anastahili, lakini mara nyingi tyubu ya pili huuliwa na kile kile kilichoiua ya kwanza, na bado kimo karakanani: maji mabaya, joto, na unyevu wa chumvi wa pwani yetu. Kijitabu kinachokuja na mashine hakikuandikwa kwa ajili ya Amu, yaani Lamu yetu.

Kwanza hakikisha kwamba iliyokufa ni tyubu kweli. Futa vioo vyote vitatu na lenzi kwa karatasi laini ya lenzi na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya duka la dawa iache, kwa kuwa nyingine huchanganywa na mafuta na huacha utando. Lenzi iliyoshika moshi wa mbao hupunguza makali ya mwanga sawasawa na tyubu iliyochoka, na kuisafisha ni kazi ya dakika kumi. Kisha bonyeza kitufe cha majaribio huku kifuniko kimefungwa, utazame sindano ya miliampea, yaani mita inayopima mkondo wa umeme. Isipoinuka kabisa na tyubu isiwake ndani, shuku pawa saplai (kifaa kinachoipa tyubu umeme), nyaya zake au swichi za usalama. Ikiinuka kama kawaida lakini mwali wa ndani umekuwa mweupe uliofifia au unakatikakatika, badala ya ile rangi ya waridi inayoelekea zambarau, gesi imeharibika. Ukiona maji yameingia katika mrija wa kati, usijaribu hata mara moja zaidi, kwani kioo kimepasuka. Na ukisikia ta-ta-ta na kuona cheche za buluu nje ya kioo karibu na waya mwekundu mnene, huo ni umeme unaotoroka juu ya unyevu na chumvi, na huenda tyubu yako ni nzima.

Ikibidi kununua, pima ya zamani kwa utepe. Ya mashine hizi huwa na urefu wa milimita 700 hivi na kipenyo cha milimita 50. Nguvu ya tyubu hufuata urefu wake, kwa hiyo anayekuuzia ya milimita 700 kwa jina la wati 50 au 60 anakuuzia jina. Ya wati 60 kwa kawaida huanzia mita moja. Uliza pia ilitengenezwa lini. Ndani mna kaboni dioksidi, naitrojeni na heliamu, na heliamu ni nyepesi na ndogo kiasi cha kupenya kioo polepole, hata tyubu ikiwa rafuni haijawashwa. Iliyokaa dukani miaka miwili si mpya, hata kama karatasi yake haijachanwa. Kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, ichukuliwe mkononi kwenye boti, imelazwa, isiwekwe chini ya magunia, na ikishuka gatini isipakiwe juu ya punda wala mkokoteni. Fungua sanduku mbele ya aliyeileta. Kabla hujaigusisha na mashine, ilaze mezani juu ya gazeti kavu, uunganishe mipira ya maji, na uiache pampu izunguke nusu saa. Gazeti likilowa, rudisha mzigo siku hiyo hiyo.

Sasa maji, maana hapa ndipo fedha za watu zinapozama. Tyubu hufanya kazi kwa volti 15,000 hadi 20,000, na maji yanayozunguka ndani yake yako karibu sana na umeme huo. Maji ya kisima ya Amu yana chumvi, ya mfereji yana madini, na hata ya chupa ya kunywa yana madini yake. Maji ya aina hiyo hupitisha umeme: sehemu ya nguvu hutoroka kupitia mpira hadi kwenye pampu na ndoo, mkato unadhoofika, na pawa saplai inachemka bila faida. Zaidi ya hayo, huacha magamba meupe ndani ya koti la kioo, lile tabaka la tyubu linalopitisha maji, na joto halitoki tena. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa kwenye rafu ile ile. Maji ya rangi ya rejeta ya gari usiyatie, wala klorini ya kuulia ukungu wa kijani. Ukungu huo dawa yake ni ndoo yenye kifuniko isiyopitisha mwanga, na maji mapya kila mwezi. Na mkono usiingie ndoani mashine ikiwa inawaka.

Kuhusu joto, hesabu ni rahisi. Tyubu ya wati 40 ikikata mfululizo humwaga katika maji joto la wati 200 au zaidi. Ndoo ya lita 20 kwa mzigo huo hupanda kama nyuzi 8 kwa saa moja. Ukianza na maji ya nyuzi 28, ambayo ndiyo hali ya ndoo yoyote iliyokaa chumbani Lamu mwezi wa Machi, baada ya saa moja uko 36, na tyubu inaumia tangu 30. Hata kile kifaa kinachouzwa kama chila, yaani kipoza maji, chenye feni tupu hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni chenye kompresa kama ya friji. Asiyekuwa nacho agandishe maji katika chupa za plastiki na kuzizamisha zikiwa zimefungwa kabisa, ili maji ya ndani ya chupa yasichanganyike na ya ndoo. Chupa ya lita moja iliyoganda hushusha lita 20 kwa nyuzi 4 hadi 5. Weka kipimajoto ndani ya ndoo muda wote, kile cha waya cha tangi la samaki kinatosha.

Lakini msizidishe barafu, na hapa ndipo kijitabu kinapowapoteza wengi. Kinasema maji yawe nyuzi 15 hadi 20. Mahali penye hewa kavu ni sawa. Kwetu, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutua umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake. Chukua soda kutoka friji uiweke barazani: jasho linaloshuka ubavuni mwa chupa ndilo hilo hilo litakalotoka kwenye tyubu yako, ila tyubu ina volti elfu kumi na kitu kwenye ncha yake. Matone hayo yakichanganyika na vumbi la chumvi lililotanda kwenye kioo huwa njia ya umeme kuelekea kwenye bati la mashine. Cheche huunguza silikoni, huchora alama nyeusi juu ya kioo, na siku moja hukipasua. Kwa hiyo wakati wa kaskazi shikilia maji kati ya 26 na 27. Kusi likipoza hewa mwezi wa Julai na Agosti unaweza kuteremka hadi 23 au 24. Pitisha kidole kwenye mpira wa maji nje ya mashine kabla ya kuwasha: ukiwa na unyevu, subiri maji yapande. Mwenye chumba chenye eyakondishina ana nafuu, kwa kuwa hukausha hewa pia, mradi milango imefungwa na imewaka tangu mapema. Na kwa kuwa maji yetu ni ya uvuguvugu, punguza mkondo wa umeme. Tyubu hizi huandikiwa kikomo cha miliampea 18 hivi; hapa pwani fanya kazi kwenye 10 hadi 12. Utapita mara mbili palipohitaji mara moja, na tyubu itakaa.

Kubadilisha kwenyewe kunataka subira. Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi. Subiri angalau robo saa, kisha chukua waya uliofungwa imara kwenye athi ya mashine (njia ya kupeleka umeme ardhini), uushikize kwenye ncha ya fimbo ndefu kavu ya plastiki, na uguse nayo pini ya waya mwekundu ili mabaki ya umeme yaishe. Piga picha za nyaya na mipira. Mwaga maji. Kata silikoni ya zamani kwa wembe taratibu, kunjua waya, legeza vishikizo, uitoe tyubu kwa mikono miwili.

Mpya huwekwa juu ya vipande vya mpira laini, na mahali pa vishikizo ni robo ya urefu kutoka kila upande. Kaza mpaka ikae bila kucheza, lakini bado uweze kuizungusha kwa vidole. Wengi hukaza kama wanafunga gurudumu, kisha kioo kikipata joto hakina pa kutanukia. Tundu la kutokea maji lielekee juu kabisa, ili viputo vya hewa vipate njia. Kiputo kikikaa ndani karibu na ncha, sehemu hiyo haipozwi, na ufa huanzia hapo. Inua mashine upande mmoja, kisha mwingine, pampu ikizunguka, mpaka usione hata kimoja.

Waya mwekundu mnene huenda kwenye ncha ya nyuma, iliyo mbali na kioo cha kwanza. Waya mwembamba huenda kwenye ncha unakotokea mwanga, kisha hupitia mita ya miliampea na kurudi kwenye pawa saplai. Ukibadilisha hizo mbili utaiharibu tyubu. Na tafadhali, usichomelee risasi. Pini imeingia ndani ya kioo, na joto la chuma cha kuchomelea hupasua kiungo hicho. Ufa hauonekani, gesi inatoka kidogo kidogo. Chuna waya sentimita 3, uzungushe mara tano au sita ukiubana kwenye pini bila kuipinda pini yenyewe, visha kipande cha mpira wa silikoni juu yake, kisha ujaze silikoni ndani mpaka itokeze. Silikoni iwe ya aina isiyonuka siki, kwa kuwa ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayokula chuma. Iache saa 24. Hapa unyevu wetu unasaidia, maana silikoni hukauka kwa kuvuta maji ya hewani. Waya mwekundu usilale juu ya bati. Uache nafasi ya sentimita 5.

Tena kuna athi. Nyumba nyingi za mji wa kale zina soketi za matundu matatu, lakini tundu la tatu halikuunganishwa na kitu. Mwite fundi wa umeme apime. Ikiwa hakuna, achimbie fimbo ya athi yenye shaba na kuiunganisha na skrubu ya athi iliyo nyuma ya mashine. Bila hiyo, umeme ukitoroka utapita kwa anayeshika kifuniko.

Kulinganisha mwanga ni kazi ya tepu ya karatasi. Bandika kwenye tundu la kioo cha pili, funga kifuniko, piga mara moja kwa miliampea 4 au 5, utazame alama. Sogeza kioo hicho karibu na mbali, kisha hamishia tepu kwenye tundu la kichwa chenye lenzi, ukipeleke pembe zote nne, mpaka alama zote zianguke mahali pamoja. Usirekebishe vioo vya mbele ikiwa kosa liko kwenye tyubu. Anza kwa kuinua au kushusha tyubu yenyewe kwa vipande vyembamba vya mpira. Mwanga huu hauonekani kwa macho, na hupofusha. Vaa miwani ya polikaboneti iliyoandikwa kwamba inazuia mawimbi ya nanomita 10,600, yenye kuziba pembeni.

Ikiisha kufungwa, andika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko tarehe, miliampea na mwendo unaokata plaiwudi ya milimita 3. Kila mwezi rudia mkato huo huo. Mwendo ukishuka, utajua kabla kazi ya mteja haijaharibika. Siku hiyo hiyo futa kioo cha tyubu kwa alkoholi, mashine ikiwa imechomolewa, kuondoa chumvi.

Kwa wauzaji wa Mombasa na Nairobi nina ombi. Bandikeni tarehe ya kutengenezwa juu ya kila sanduku, na mnapomuuzia mtu wa Lamu au Malindi mwambieni habari ya umande kabla hajalipa. Na vyuo vyetu vya ufundi viwe na pawa saplai moja nzima ya majaribio, ili mwenye mashine aipeleke ipimwe kabla ya kuagiza tyubu ambayo pengine haihitaji.

Fundi wa mashine,
Langoni, Lamu