Shukrani kwa mama wa gonja (ndizi za kuchoma), Namuwongo, Kampala

Jumanne jioni nilikuwa navuka reli pale Namuwongo kwa bodaboda, mwanangu katikati yetu. Honi ya treni tuliisikia. Dereva akasema bado iko mbali, nami sikumkataza. Hilo ni kosa langu. Gurudumu la mbele likanasa kando ya chuma cha reli, injini ikazima.

Dereva akaanza kuvuta pikipiki. Ndipo ukaja mbio, mama, ukiacha gonja zako kwenye makaa. Kwanza ulimnyakua mtoto. Kisha ukampiga dereva kofi la bega: "Achana na hilo lichuma, toka!" Ukaivua kanga yako nyekundu ukampa kijana mmoja, akakimbia kando ya njia akiipunga kuelekea treni inakotokea. Mimi miguu ilikuwa imekufa ganzi, ukanivuta kwa mkono.

Treni ya mizigo haisimami kama teksi. Hata dereva wake akikuona na kufunga breki, treni inahitaji mamia ya mita kusimama. Hii ilipunguza mwendo, lakini iliigonga pikipiki. Watu wote tulikuwa tumeshatoka.

Ukarudi kugeuza gonja. Zilikuwa zimeungua upande mmoja, na pesa zangu ukazikataa.

Jamani mnaopita pale, mkisikia honi subirini, hata kama boda wenu ana haraka. Mama, kanga nimeifua. Nitaileta Jumamosi, na hizo gonja zilizoungua nitazilipia, utake usitake.